Ngazi ya Mabati na Kichupa cha Maji

2 Machi

Chiriku wangu,

Salamu zote shangazi yako amezimaliza kwenye barua yake, mimi sikubakiziwa hata moja. Naingia kazini moja kwa moja.

Jana alikuja karakana Mwalimu wa biolojia, yule aliyekufundisha, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikadhani anataka mfereji wa maji ya mvua. Kumbe anataka nimtengenezee DNA. Nikamwambia, Mwalimu, nina bati jembamba na bati nene, hiyo aina nyingine duka letu halileti. Akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Akanionyesha picha. Ni ngazi ndefu iliyosokotwa kama kamba. Anaitaka ya mabati, ndefu kuliko mtu, isimame mlangoni mwa chumba kipya cha sayansi kitakachofunguliwa tarehe 28. Nimekubali kabla ya kuuliza ni kitu gani, na sasa naona haya kurudi kumuuliza. Mimi niliacha shule mapema, unajua. Wasichana wa shule watakuja kuitazama kazi yangu na madaftari yao, na mimi nitakuwa nimesimama pale kama aliyejenga msikiti bila kujua kusali.

Basi nakuuliza wewe unayekula kwa kazi hiyo. Hiki kitu ni nini, na nani alikiona? Mwalimu anasema ni kidogo mno, walioijua sura yake hawakuiona kwa macho. Tangu nianze kazi sijatengeneza kitu kisichoonekana. Hata majini wana watu wanaodai wamewaona.

Usipige simu. Masikio yangu yaliishia kwenye nyundo, simu naisikia kama nyuki ndani ya debe. Andika. Nitaibandika barua yako juu ya meza nifanye kazi huku naimba, ingawa shangazi yako anasema nikiimba mabati yanashika kutu.

Baba yako,
Mashoto
(samahani kwa wino, mkono wa kushoto unafuta unachoandika)


7 Machi

Shikamoo Baba,

Nimecheka peke yangu maabara mpaka Daktari, mkubwa wangu, akanitazama kwa jicho la pembeni. Tayari ananitazama hivyo kwa sababu naimba nikiwa mezani. Nikamwambia ni urithi. Akasema urithi anaupima, haujamwonyesha wimbo.

Sasa sikiliza. Kila chembe ya mwili wako ina uzi mwembamba sana ndani yake, na kwenye uzi huo yameandikwa maagizo ya kukujenga: pua, rangi ya macho, vidole. Mtoto anapewa nusu ya maagizo na baba, nusu na mama. Uzi huo ndio DNA.

Wa kwanza kuutoa alikuwa daktari kijana, zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita. Unajua aliutoa wapi? Kwenye usaha wa bendeji za hospitali. Usimsimulie shangazi wakati wa kula. Aliona kitu cheupe ambacho hakikuwa kwenye vitabu, lakini hakujua kazi yake, na kwa miaka mingi wakubwa wakakidharau. Kilikuwa na vipande vya aina nne tu, leo tunaviita herufi. Wakasema kitu cha herufi nne kitaandika nini cha maana?

Baadaye mtu mmoja akachukua vijidudu vikali vya homa ya mapafu, akaviua kwa joto. Akavichanganya na vijidudu vipole vilivyo hai, vya jamii ileile. Vile vipole vikageuka vikali, na watoto wao wakazaliwa wakali. Maiti wamewafundisha walio hai ubaya! Ikabaki swali, ni kitu gani kilichohama? Wengine wakakaa miaka kadhaa wakiharibu kitu kimoja kimoja. Wakaharibu protini, ukali ukahama bado. Wakaharibu ule uzi uliodharauliwa, ukali ukakoma kuhama. Ndipo ikajulikana kazi yake.

Kwangu mimi kazi hiyo ina sura. Wiki hii mezani nina mama mmoja muuza vitambaa. Alipotezana na binti yake wa miaka mitatu kwenye mafuriko, miaka ishirini na sita iliyopita. Sasa amepatikana mwanamke fundi wa saa, aliyelelewa kwenye kituo cha watoto, anayedhani ndiye. Hawafanani hata ukucha. Walipokuja kutoa mate, tupime kama ni damu moja, walikaa kwenye benchi, mmoja huku, mmoja kule. Mama akaniambia hawatakumbatiana mpaka tuwape jibu, maana hataki kumzoea mtoto wa mwenzake halafu anyang'anywe.

Sura ya ngazi nitakueleza barua ijayo.

Binti yako,
Chiriku


12 Machi

Chiriku,

Marahaba. Usaha nilimsimulia shangazi yako wakati wa kula. Nilitaka kuona atafanyaje. Ameninunia siku mbili.

Kazi inakwenda. Mwalimu amenipa vipande vya karatasi vya aina nne kama kiolezo, vya kukatia vidato: A na G ni vikubwa, T na C ni vidogo. Kila kidato ni vipande viwili vinavyokutana katikati. Hakunieleza kipi kiende na kipi, au alinieleza nami nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia. Nikaunganisha kikubwa na kikubwa: ngazi ikavimba tumbo. Kidogo na kidogo: ikabonyea kiuno. Nguzo za pembeni hazikubali upuuzi huo, zinataka upana mmoja toka chini mpaka juu. Nikakaa kwenye debe nikafikiri. Nikaweka kikubwa na kidogo, A na T, G na C, ndivyo kingo zao zilivyoingiana. Nguzo zikanyooka zenyewe. Mwalimu alipopita akasimama, akasema, "Fundi, nani kakufundisha?" Nikamwambia bati ndilo lililonifundisha.

Kesho naisokota. Nataka nimalize mapema, nina roho juu na hizi sherehe.

Mfikishie yule mama salamu za mtu asiyemjua. Au usimfikishie, pengine sheria zenu zinakataza. Lakini nikipiga nyundo namkumbuka.

Baba yako,
Mashoto


16 Machi

Shikamoo Baba,

Hicho ulichokifanya ukiwa umekaa kwenye debe, wasomi walikihangaikia miezi. Nasema kweli.

Ilikuwa hivi. Palikuwa na mwanamke hodari wa kupiga picha za eksirei. Yeye na mwanafunzi wake waliuvuta ule uzi wa DNA, wakaupiga mwanga huo kwa saa nyingi, na kwenye picha ukatokea msalaba wa madoa. Kwa anayejua kusoma, msalaba ule unasema: hiki kitu kimesokotwa. Mahali pengine wanaume wawili walikuwa wanajaribu kuijenga sura yake kwa vyuma. Mara ya kwanza waliijenga vibaya, nyuzi tatu, na nguzo zake ndani badala ya nje. Yule mwanamke alipoitazama akawaambia haiwezekani. Wakapata aibu, na mkubwa wao akawaambia waache.

Hawakuacha. Baadaye mmoja wao akaonyeshwa ile picha ya msalaba, mwenyewe aliyeimiliki hana habari. Hili Baba bado linaniuma. Yule mwanamke alifariki kabla ya wale wanaume kupewa tuzo kubwa kwa kazi hiyo. Na utapenda hapa: wakaagiza vipande vya bati karakana, mafundi wakachelewa, mmoja akachoka kungoja akakata vya kadibodi, akavisogezasogeza mezani asubuhi moja mpaka A ikakaa na T, G na C. Nawe usijisikie vibaya. Kumbe hata huko fundi akisema kesho maana yake ni wiki ijayo.

Kwa hiyo ukipewa upande mmoja wa ngazi, wa pili unaujua. Ndivyo inavyojinakili. Vidato ni kama kumi kwa mzunguko mmoja, na inazunguka kama skrubu ya kawaida inavyoingia kwenye mbao.

Kazini ni salama. Naandika kwa haraka, nina vyombo vingi vya kuosha.

Chiriku


16 Machi

Shangazi mpenzi, shikamoo,

Barua ya Baba ni ile nyingine. Hii isome peke yako, na usimwambie.

Kazini si salama. Ningekupigia simu lakini nikisikia sauti yako nitalia, na hapa bweni kuta ni nyembamba.

Tunapopima, huwa tunaweka pia kichupa kimoja cha maji matupu, ili tujue kama vyombo ni safi. Maji hayana mtu ndani yake, kwa hiyo hayatakiwi kusema kitu. Jana asubuhi jibu la yule mama na fundi wa saa lilikuwa limeshachapwa: hawana undugu. Bahasha iko mezani, inangoja saini ya Daktari. Nikawa napanga karatasi, nikaona maji yamesema kitu. Kidogo tu, alama za mtu. Angeweza mtu kusema ni uchafu wa mashine. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, Shangazi, kwa muda wa kikombe kizima cha chai.

Kisha nikachukua alama zangu mimi, zile tulizopimwa wote siku ya kuanza kazi, nikaziweka pembeni. Zilikuwa zangu. Nikatazama za fundi wa saa. Zangu pia! Mate yake yalikuwa hafifu kwenye pamba, yangu yakayafunika. Nilikuwa nimeishusha barakoa kidevuni nikiimba juu ya vichupa. Yule mama tulimpima kama ni mama yangu mimi, ndiyo maana jibu likawa hapana.

Niliichukua ile bahasha nikaenda nayo kwa Daktari. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Amewaita wale wawili watoe mate upya, kazi kampa mwenzangu, mimi nimewekwa kuosha vyombo mpaka kikao kiamue kama nitabaki. Kikao ni tarehe 30.

Baba anawaambia watu wote mwanangu ni mtu wa maabara. Nitamwambiaje kwamba nyimbo zake ndizo zilizoniponza?

Mwanao


19 Machi

Chiriku,

Ngazi imekwisha. Inang'aa. Kila kitu kiko sawa.

Kuhusu huyo mwanamke wa picha, nimekasirika nikapinda msumari wa watu. Na kuhusu mafundi kuchelewa, ningependa kusikia upande wa mafundi.

Swali dogo, la kujifunza tu. Hiyo habari ya skrubu, ni lazima? Yaani kwa mfano, sisemi ipo, lakini kwa mfano mtu akawa nayo inayozunguka upande wa pili, si akiipindua kichwa chini miguu juu inakuwa sawa?

Usijisumbue kujibu kama una vyombo vya kuosha. Tangu lini watu wa maabara wanaosha vyombo?

Baba


21 Machi

Kwa kaka yangu na kwa binti yake,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja naitia posta, nyingine nampa mwenyewe mkononi hapa uani, asije akasema hakuisoma.

Nimechoka kuwa kabati la siri zenu. Mmoja ananiandikia, "Shangazi usimwambie Baba." Mwingine anakuja jikoni kwangu ananong'ona, "Dada usimwambie mtoto." Mtu mwenye masikio yake ananong'ona taratibu, wewe kaka unanong'ona mpaka jirani wa tatu anaitika.

Wewe mtoto, jua hivi. Baba yako ameisokota ngazi upande ambao mkono wake wa kushoto uliona raha. Barua yako ilipofika, akashika skrubu akaiweka kando ya ngazi: skrubu inakwenda huku, ngazi inakwenda kule. Ameipindua chini juu mara saba, kama mtu anayemwogesha ng'ombe. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Anasema Mwalimu hakuona, na wageni hawataona, kwa hiyo atanyamaza.

Na wewe kaka, jua hivi. Mwanao alishusha barakoa akaimba kazini, akatia mate yake kwenye vichupa, mama wa watu nusura aambiwe binti aliyempata si wake. Hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Aliichukua mwenyewe bahasha ya jibu mezani, akaenda nayo kwa mkubwa wake akasema. Sasa anaosha vyombo akisubiri kikao cha tarehe 30, na hofu yake kubwa si kikao, ni wewe, maana anasema nyimbo zako ndizo zilizomponza.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi si mtu wa sayansi, lakini sikuhitaji mashine kujua nyinyi wawili ni wa damu moja. Mnakosea kwa namna moja na kuficha kwa namna moja. Sasa ongeeni, mniachie jiko langu.

Shangazi, na dada


29 Machi

Mwanangu,

Nilipoisoma barua ya shangazi yako nilikaa kwenye debe. Sikuwaza juu ya kikao. Niliwaza juu ya ile bahasha, kwamba uliichukua mezani ukatembea nayo. Mimi nina umri mara mbili na zaidi ya wako na nilikuwa naificha ngazi ndefu kuliko mtu.

Nikavaa shati nikaenda shule siku ileile. Nikasema, Mwalimu, kazi ina kosa, imezunguka kushoto, na kuipindua hakusaidii, skrubu ni skrubu hata ukiishika kwa mguu. Kisha akafungua kabati akatoa kitabu, akanionyesha jalada. DNA yao, imechorwa rangi nzuri, inazunguka kushoto! Mwalimu amekifundishia miaka sita. Tulicheka pale mpaka mlinzi akachungulia. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tarehe kumi na nane.

Kuisokotoa haikuwezekana, lehemu ingeachia. Nilianza upya. Siku sita, na nilifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kila nilipofika kwenye kusokota, shangazi yako akishika skrubu mbele ya macho yangu kama mwamuzi mwenye kadi. Jana ilisimama mlangoni. Ya kwanza nilitaka kuikata iwe vyombo vya kunyweshea kuku, Mwalimu akakataa. Ameiweka nyuma ya darasa, na kila msichana anayeingia anaambiwa atafute kosa. Mmoja alilipata kabla sijamaliza soda yangu. Nilifurahi kama ni wewe.

Sasa habari ya nyimbo. Hukuponzwa na nyimbo zangu, ulishusha barakoa. Kosa ni lako, na kulitaja ni kwako pia, na hilo la pili sijui ulilirithi kwa nani, labda kwa marehemu mama yako. Kosa moja haliachi mke. Wakikuacha, njoo, kuna nafasi mezani kwangu. Wakikubakiza, niandikie upesi. Tangu tarehe 16 hujaandika, na mimi naandika hii huku nimeshikilia moyo.

Niambie pia ya yule mama.

Baba yako,
Mashoto


31 Machi

Shikamoo Baba,

Nimebaki! Nakuandikia hilo kwanza, uachie huo moyo.

Barua yako ilinifikia leo asubuhi, lakini kikao kilikuwa jana. Niliingia nimevaa ile blauzi aliyonishonea shangazi. Daktari akasoma kosa langu lote bila kuruka mstari, barakoa, wimbo, kichupa. Kisha akasema ana wafanyakazi wengi ambao vichupa vyao vya maji havijawahi kusema kitu, na hajui hata siku moja kama ni kwa sababu maji ni safi au kwa sababu wao hawatazami. Akaniuliza kama nitaimba tena. Nikasema nyumbani. Nimerudishiwa meza yangu, na mlangoni amebandika karatasi: HAKUNA KUIMBA. Wenzangu wanaiita sheria yangu.

Leo mchana wale wawili walikuja kuchukua jibu. Walikaa kwenye benchi vilevile, mmoja huku, mmoja kule. Daktari akaniambia nisome mimi. Nikaona siwezi kusoma kabla ya kusema, nikawaambia kwamba wamecheleweshwa wiki mbili na kosa ni langu, na kwamba nusura niwape jibu baya. Nikaomba radhi huku nafuta machozi. Fundi wa saa alikuwa anatazama sakafu.

Yule mama akasema, "Mwanangu, mimi nimesubiri miaka ishirini na sita. Wiki mbili ndizo zinazokuliza? Soma."

Nikasoma. Sikuufikisha mwisho mstari wa kwanza. Nilipofika "ni mama mzazi wa" walikuwa wameshasimama, na lile benchi likaanguka nyuma yao, hakuna aliyeliokota. Mama alikuwa anamshika masikio, mabega, vidole, anavihesabu kama vya mtoto aliyezaliwa leo, na binti anasema, "Vyote vipo, Mama, vyote vipo."

Nilitoka nje. Nikavuka barabara, nikavua barakoa, nikaimba ule wimbo wako wa kupigia bati, kwa sauti yote, watu wakanipisha njia kama mwehu. Hapakuwa na kichupa hata kimoja karibu.

Binti yako,
Chiriku